Mama Waya na Kilomita Tisa za Mkongo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Waya anaikagua kufuli ya mfuniko wa chemba ya kwanza ya mkongo, mita mia mbili kutoka ufukweni. Anaivuta mara mbili, anaandika saa kwenye daftari, kisha anaanza kutembea.

Chini ya nyayo zake, mita moja na nusu ardhini, umelala mkongo wa mawasiliano unaotoka baharini. Ndani yake mna nyuzi nyembamba kama unywele zinazopitisha simu, barua pepe na malipo ya nchi nzima kwenda ng'ambo na kurudi. Nchi ina mikongo miwili. Mmoja ulikatikia baharini siku kumi na saba zilizopita, na meli ya kuutengeneza inatarajiwa baada ya siku tisa. Kwa sasa kila kitu kinapita hapa, katika kilomita tisa ambazo mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita huzitembea kila siku, kwenda na kurudi.

"Tangu ule mwingine ukatike, kila kitu kinapita kwangu," anasema bila kusimama. "Nikisikia ngurumo ya katapila, hata iwe mbali, nakimbilia huko."

Kazi yake ni kuzuia watu wasichimbe. Anajua nani ananunua saruji na nani anataka kuhamisha choo. Nguzo fupi za alama zilikuwa tisini. Kumi na moja zimeng'olewa. Moja aliikuta imekuwa kizingiti cha duka. Mwenye duka alimwapia kwamba ameirithi kwa babu yake.

Mama Waya alikuwa kibarua wa kubeba mchanga wakati mkongo unafukiwa. Mumewe alipofariki, miaka minane iliyopita, akapewa ulinzi wa njia. Mshahara unalipa kodi ya vyumba viwili na karo ya binti mmoja. Binti wa pili anasomeshwa na wifi yake, dada wa marehemu, anayeishi nyumba ya pili na kumuuguza mama mkwe wa Mama Waya. Ndiyo maana mtandao ukisumbua, vijana wa mtaani humuuliza Mama Waya kama amegombana na wifi, hata akaacha kuulinda mkongo.

Jumanne iliyopita utani huo nusura uwe kweli.

Bomba kuu la maji lilikuwa limepasuka, na mtaa wake ulikuwa umekaa siku sita bila tone. Asubuhi hiyo katapila likafika penye nguzo ya hamsini na nne kulifukua bomba. Watu walikuwa wameshapanga ndoo, wifi yake akiwa mbele. Mhandisi wa maji alimwonyesha Mama Waya ramani: mkongo uko ng'ambo ya barabara. Mama Waya akamjibu kuwa ramani hiyo ilichorwa kabla barabara haijapanuliwa. Mtaro wa mkongo ulihamishwa, na mchanga wake aliubeba yeye kichwani. Mhandisi akamuuliza kama ana karatasi. Hakuwa nayo. Akampigia msimamizi wake mara tano, simu haikupokelewa.

Wifi yake akamsogelea. Hakupaza sauti.

"Wifi, mama yuko kitandani, leo siku ya sita hajaoga sawasawa. Hiyo waya yako inakunywa maji?"

Mama Waya anasema hapo ndipo alipoanza kujishuku: miaka imepita, barabara imebadilika, je kama amekosea? Hata hivyo akaketi chini, palepale katapila lilipotaka kuanza.

"Watu wanadhani nilikuwa na uhakika," anasema. "Sikuwa nao."

Aliyemaliza ubishi ni dereva wa katapila. Alizima injini, akamwambia mhandisi kwamba yeye hachimbi palipokaliwa na mtu, hata kama mtu huyo ni mwongo. Wakakubaliana kuchimba kwa majembe, na Mama Waya akashika la kwanza. Baada ya saa moja na nusu, jembe la dereva lilikwaruza utepe wa njano wa tahadhari. Chini yake ulikuwepo mkongo, hatua moja tu kutoka meno ya katapila.

Mhandisi alikunja ramani yake, akaomba radhi. Maji yalirudi kesho yake jioni. Hakuna aliyetoa pongezi, kwa kuwa hakuna kilichoharibika.

Wifi yake alikaa siku tatu bila kumsemesha. Siku ya nne alibisha hodi, akamwambia waende wakamwogeshe mama. Walimwogesha pamoja, wakambadilisha shuka, na habari ya mkongo haikutajwa.

Leo ni Jumatatu, na mawingu yanajikusanya. Msimamizi ameahidi kumleta mpimaji Alhamisi, watembee wote njia nzima ili ramani ichorwe upya. Ni ahadi ya tatu. Mama Waya amekwisha kuandaa maelezo ya kila kona katika kurasa za nyuma za daftari, asije akasahau.

"Njia yote imo kichwani mwangu, na kichwa hakina nakala," anasema akiangalia juu. "Nataka iandikwe. Halafu na mimi siku moja niugue kwa amani, kama watu wengine."