Mkono wa Jecha

Asya Ngwali wa Tumbe kazi yake ilikuwa kuchemsha dagaa, kuwaanika na kuwauzia wachuuzi wa kutoka bara. Mdomo wake hauna breki. Wazazi walipoamua kuanzisha skuli yao wenyewe nje kidogo ya Konde, yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu wajiunge na ushirika. Alibeba mchanga kichwani, akawapikia watoto uji muhula mzima wa kwanza. Ahadi ilikuwa nusu ya masomo kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza, na kauli ya kila mzazi iwe sawa na ya mwenziwe.

Skuli ikasimama, na wakubwa wakaota humo kama uyoga.

Mkubwa wao ni Abdulnasir, mwenyekiti, aliyewahi kufanya kazi katika mradi mmoja Unguja akarudi na tai shingoni. Ndiye aliyebandika neno "Kimataifa" kwenye kibao. Mataifa yenyewe yalikuwa msichana mmoja wa Kiholanzi, binti wa mwalimu wa kuzamia baharini, aliyesoma muhula mmoja akaondoka na wazazi wake. Picha yake imebaki langoni, kubwa kuliko jina la skuli, inawachekea watoto wa Tumbe na Shumba kila asubuhi.

Mikutano nayo ikahamia Kiingereza. Nusu ya wazazi hawakifahamu. Hutikisa vichwa kwa adabu, kisha wakitoka nje huulizana kumepitishwa nini.

Mwaka jana Abdulnasir akaleta hoja: Kiswahili kibakishiwe kipindi kimoja tu kwa wiki. "Kiswahili mtoto anakipata nyumbani," alieleza. Siku hiyo alisema Kiswahili, maana alitaka kura.

Asya akasimama. "Uji nao anaupata nyumbani, mbona tunampikia? Mie nilipita milangoni mwenu nikawaambia lugha mbili. Leo mwanangu anaandika insha ya theluji, habari ya karafuu za babu yake hawezi kuiandika!"

"Bi Asya, tuzungumze kitaalamu."

"Kitaalamu ndiyo vipi? Kusema usifahamike?"

Watu wakacheka, hata wale waliokwisha kuamua kumwacha peke yake. Wanaopinga wakaambiwa wanyooshe mikono. Ukainuka wa Asya na wa Farzana, mwenye duka la dawa Wete. Nyumbani kwa Farzana huzungumzwa Kigujarati, na wanawe aliwaleta pale ili wakijue Kiswahili cha kuandika. Wakaulizwa wanaokubali. Ukumbi ukajaa viganja. Asya akageuka, akamwona mumewe, Jecha, ameketi karibu na mwenyekiti, mkono juu kabisa, kama mwanafunzi anayetaka mwalimu amwone.

Walipofika uani Jecha akaanza mwenyewe.

"Ningefanyaje, Asya? Watu wazima wote wale wamenyoosha."

"Na wewe ukaogopa kuwa mtu mzima peke yako."

"Wameniahidi kiti kwenye kamati."

"Haya, kakikalie."

Asya akataka kumtoa binti yao, Moza, ampeleke skuli ya serikali. Moza akalia. "Mama, rafiki zangu wote wako pale." Mwanamke aliyewashinda madalali wa pwani kwa maneno akashindwa na machozi ya mtoto. Akamwacha abaki pale pale, na roho ikimuuma.

Jecha kiti akakipata. Alirudi nyumbani kifua mbele, akasema amesomewa cheo kwa Kiingereza na kupigiwa makofi. Alipokunywa chai akamwita binti yake chemba.

"Moza, sanitesheni ndiyo nini?"

"Usafi, baba. Vyoo, na maji machafu."

Asya alikuwa jikoni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu kura ile, na hakikuwa kicheko cha kusamehe. Jecha cheo hakukikataa. Hadi leo kadi ya kamati yenye picha yake huivaa shingoni hata akienda kununua muhogo.

Asya naye mikutano haiachi. Anakaa safu ya mbele na Farzana, na kila hoja ikisomwa anapaza sauti: "Isemwe kwa Kiswahili!" Abdulnasir hukunja uso, huguna, kisha huisema. Na nyuma kule, wale wale waliomnyima kura husogeza viti mbele ili wasikie.