Usukani wa Mwalimu Joyceline

Mwalimu Joyceline hakuwa na imani na kitu chepesi. Alizaliwa kambi ya mkonge kule Magoma, mjukuu wa manamba, wale vibarua wa mkataba, na nyumba yao ilikuwa hatua chache tu kutoka korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Korona ikinguruma, watu wanakula. Ikinyamaza, watu wanatazamana. Mtoto aliyelelewa hivyo hukua akiamini kwamba mashine isiyopiga kelele imekufa, na Joyceline akakua hivyo hivyo, hakuna wa kumlaumu.

Shamba lilipouzwa kwa mwekezaji, wenzake wengi walirudi kulima mahindi. Yeye alikuwa amejifunza udereva kwenye lori la shamba, lenye usukani mzito wa kukuotesha misuli, kwa hiyo alihamia Korogwe mjini akafungua shule ya udereva pale Manundu. Gari lilikuwa moja. Wanaume walicheka kwanza, halafu wakaleta wake zao, halafu wakaja wenyewe. Mwaka 2009 akanunua Tanga usukani wa mtumba wa mchezo wa mbio za magari, pamoja na pedeli zake, akaubana kwenye meza ya kulia chakula na kuuchomeka kwenye kompyuta. Alitaka wanafunzi wagonge miti ya kwenye kioo kwanza, kabla hawajagonga ya jirani. Ndani ya usukani mlikuwa na mota: gari la kwenye mchezo likipita shimoni, mikono yako inatikisika, likikata kona, usukani unakukazia.

Hapo ndipo alipokuja Siamanta.

Siamanta alitoka kwa wafugaji wa tambarare za Handeni. Kikundi cha akina mama kule kilikuwa kimenunua pikapu ya kukusanyia maziwa kwenye maboma, na yeye ndiye aliyesomea leseni, kwa Joyceline huyo huyo. Wiki ya pili ya kazi pikapu ilimteleza kwenye mchanga wa korongo, ikalala ubavu. Hakuumia mtu, ila maziwa yote yalinywewa na ardhi. Tangu siku hiyo, akishika usukani vidole vinakufa ganzi. Kikundi kilimpa mpaka Jumamosi. Asipoweza, ataajiriwa dereva mwanaume kutoka mjini, na kila mama pale alijua kwamba pikapu ikishaingia mikononi mwa mwanaume, kuitoa itakuwa kazi nyingine.

"Shikamoo mwalimu," alisema mlangoni, siku ya Jumanne. "Nimekuja kujifunza mchanga."

"Marahaba. Ingia. Mchanga tutautafuta."

Joyceline alipata njia ya vumbi ndani ya mchezo, kisha akafungua ukurasa wa mipangilio. Penye nguvu ya usukani paliandikwa asilimia hamsini. Akaguna. Hamsini ya nini? Akasukuma mpaka mia, akaongeza na ile springi inayorudisha usukani katikati, kwa moyo safi kabisa. Meza ikatetemeka, vikombe vikagongana kabatini, na pembeni mwa kioo kimstari cha kupimia nguvu kikawa chekundu na kubaki chekundu. Joyceline akafurahi. Mashine ilikuwa inafanya kazi.

Jumanne nzima na Jumatano nzima Siamanta alipambana. Viwiko vilimuuma. Gari lilimteleza kila kona, na kila mara alishtukia tayari liko mtaroni.

"Unaangalia wapi wewe?" Joyceline alifoka. "Gari linakuambia, husikii?"

Alhamisi asubuhi Siamanta aliachia usukani, akaweka mikono mapajani.

"Mwalimu, usinikasirikie. Usukani huu unapiga kelele tangu tunapoanza mpaka tunamaliza. Ng'ombe anayelia mchana kutwa, utajuaje saa anayoumwa?"

Joyceline alikasirika hasa. Miaka ishirini barabarani, leo afundishwe usukani na mtu aliyeangusha pikapu! Akakaa mwenyewe kwenye kiti ili amwaibishe. Kona ya kwanza, usukani mgumu. Njia iliyonyooka, mgumu. Shimo, mgumu vile vile. Akakata kona kwa kasi makusudi, magurudumu yakateleza, na mikononi hakikubadilika kitu. Mota ilikuwa imefika mwisho wa nguvu zake tangu mwanzo. Haikubaki na namna ya kusema jambo jingine. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Mwenzake alikuwa na siku nne tu, na mbili alikuwa amempotezea yeye, kwa kupenda kwake kelele.

"Nisamehe," alisema, na neno hilo hakulizoea.

Akazima springi. Akashusha nguvu: themanini, sitini, hamsini na tano. Kila akishusha, Siamanta anajaribu kona ile ile, na wote wawili wanatazama kimstari. Kwenye arobaini na tano kikaanza kupanda na kushuka, wekundu ukitokea mara moja moja tu kwenye mashimo makubwa. Meza ikatulia. Joyceline akajizuia asiguse tena, ingawa vidole vilimwasha.

Siamanta aliingia konani. Usukani ukamkazia kidogo kidogo, ukazidi kukaza, halafu ghafla ukawa mwepesi. Mara gari likateleza. Akasimamisha mchezo.

"Umelegea," alisema. "Siku ile korongoni pia ulilegea, mwalimu. Mimi nikadhani gari limenitii. Nikazidi kukata."

"Magurudumu ya mbele yalikuwa yameacha kushika," Joyceline alijibu, taratibu safari hii. "Ukilegea, usizidishe. Ondoa mguu kwenye mafuta, rudisha usukani kidogo, ungoje uzito urudi."

Wakarudia mpaka Ijumaa jioni. Kufikia hapo Siamanta alikuwa anasema "sasa" kabla gari halijateleza, na mtaroni aliingia mara mbili tu.

Jumamosi Joyceline alikaa kiti cha pembeni cha pikapu yenyewe, wakiteremka korongo lile lile. Ng'ambo alisimama Nanyori, mwenyekiti wa kikundi, na akina mama wenzake, madumu ya maziwa miguuni. Hakuna aliyepunga mkono. Kwenye kona ya mchanga pua ya pikapu ikaanza kwenda kando. Joyceline alitaka kupiga ukelele, akauma ulimi. Siamanta aliondoa mguu, akarudisha usukani upana wa vidole viwili, akangoja. Ilikuwa ni kungoja kwa kutisha. Kisha magurudumu yakashika, akakanyaga mafuta polepole, wakapanda ng'ambo.

Nanyori alilizunguka gari lote, kana kwamba analinunua. Mwishowe akawageukia wenzake.

"Pakieni."

Wakapakia mpaka nyuma pakajaa, na madumu mawili yakabaki chini. Siamanta aliyatazama, akamtazama mwalimu wake, akainamisha macho kwa heshima.

"Mwalimu, samahani sana. Yale mawili yanahitaji kiti."

Joyceline akashuka. Pikapu ikaondoka bila yeye, vumbi likamfunika kuanzia kilemba hadi viatu. Kutoka pale mpaka barabara kuu ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na mwendo wote huo alitembea akicheka na kufuta machozi.