Steringi, Adui na Mama Mkwe wa Elipidius

Elipidius hakujua Kiingereza, na hilo halikuwahi kumzuia kukitafsiri. Kila Jumamosi mchana, ndani ya kibanda umiza kimoja cha kuoneshea filamu pale Bugene, alikaa kwenye kona chini ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akaeleza filamu za nchi za watu kwa Kiswahili chenye harufu ya Kinyambo, na watu wa mabenchi wakamwamini kuliko walivyomwamini katekista. Walimwita DJ Elipi. Maneno aliyoyaelewa aliyasema. Asiyoyaelewa, ambayo ndiyo mengi, aliyatunga.

Kazi ile ilikuwa na sheria moja tu. Kabla watu hawajatulia kwenye mabenchi, DJ awe ameshawaambia nani steringi, yaani shujaa, na nani adui. Mteja wa kibanda umiza hana muda wa kumtilia mtu mashaka. Anataka kujua ampigie nani makofi na amtukane nani, basi, maana kesho ana migomba ya kupalilia.

Taabu ilianza ilipoletwa filamu ya hadithi ya kale, ya enzi zile Wazungu walipokuwa wakivaa masufuria kwenda vitani. Humo kila mtu alikuwa nusu nusu. Kulikuwa na mfalme mwema aliyechoma kijiji. Kulikuwa na shujaa mwaminifu aliyemtazama mke wa mfalme kama mtu aliyefunuliwa sahani ya senene wa kukaanga. Na kulikuwa na dada wa mfalme, mama mtu mzima anayechemsha majani, ambaye mwishoni anamnywesha kaka yake aliyejeruhiwa kikombe cha dawa. Mfalme anafumba macho, filamu inaisha. Kamuua? Kamponya? Waliotengeneza filamu hawakusema, wakaenda zao.

Elipidius alisema. "Huyu ndiye adui!" alitangaza tangu mwanzo, na ili kumkoleza akamvisha sauti ya mtu anayejulikana: ya kukokota, ya puani, yenye kikohozi kidogo katikati. "Kunywa, mwanangu. Usiulize." Kibanda kililipuka kwa vicheko, kwa sababu hakuna aliyeshindwa kuitambua. Ilikuwa sauti ya Costansia, mjane wa kijiji cha Nyakakika anayetibu watu kwa miti shamba. Ilikuwa pia sauti ya mama mkwe wake mwenyewe, lakini mtu akishachekewa na kibanda kizima, ukwe unakaa mbali sana.

Filamu ikapendwa, ikarudiwa wiki baada ya wiki. Haikupita muda watoto wa Nyakakika wakawa wanamkoholea Costansia njiani, "Kunywa, usiulize!", kisha wanatimua mbio. Halafu mama zao wakaacha kumpelekea watoto wanaoumwa matumbo. Halafu mtu mmoja, kilabuni, akasema neno mchawi bila kucheka. Kwa mama anayeishi peke yake nyuma ya migomba, neno hilo likianza kusemwa bila kicheko, hatari imeshafika mlangoni. Mackrine, mke wa Elipidius, hakugombana. Alianua kahawa iliyokuwa ikikauka uani, maana hakuwa mjinga wa kuiadhibu kahawa, akafunga begi, akaenda kwa mama yake.

Kitanda kikawa kipana, na Elipidius, mtunga maneno, akakosa la kujiambia. Alimpenda Mackrine kwa kweli, tena kwa namna ya kijinga, ya kumngoja ale ndipo naye ale. Aliogopa kwamba hatarudi. Basi akamchukua baba yake mdogo, mzee Rwezaura, na dumu la rubisi, pombe ya ndizi, wakapanda bodaboda kwenda kumwomba mke arudi.

Sasa, kwa watu wa nyumba ile, mkwe mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawasemezani ovyo. Costansia alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlangoni. Elipidius alikaa uani akiwa ameupa mlango mgongo, anaitazama migomba. Rwezaura akawekwa katikati kupeleka maneno, ingawa wote watatu walisikiana vizuri kabisa.

"Mwulize huyo kijana," sauti ya puani ilitoka ndani, "mimi nimemuua nani."

Rwezaura alisafisha koo. "Mama anauliza hali za nyumbani."

"Sikusema hivyo, mzee."

"Anasema hakusema hivyo," Rwezaura alitafsiri.

Elipidius angecheka kama si yeye anayetafsiriwa. Costansia akasema hajaiona hiyo filamu, aoneshwe. Simu ya Elipidius ikapitishwa pembeni ya pazia, Mackrine akamshikia mama yake. Kutoka ndani zikasikika panga zikigongana na farasi wakikoroma, mpaka wakafika kwenye kikombe. Jasho lilimtoka Elipidius hadi kwenye soksi.

"Nimemwona," Costansia alisema. "Sijui kama huyo mama kamuua au kamponya. Mwulize, yeye amejuaje?"

Rwezaura alifungua mdomo, lakini sauti ya ndani ikamtangulia.

"Baba yake Mackrine alikunywa kwenye kikombe changu, akafa. Watu walijua siku ileile nimemfanya nini. Mimi niliyeichemsha ile dawa kwa mikono yangu, mpaka leo sijui kama nilimwongezea siku au nilimmaliza. Huyo mkwe wangu amejuaje?"

Rwezaura, ambaye hakukosa neno la kupoza, hilo hakulitafsiri. Elipidius aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Sikujua, mama," aliiambia migomba, bila kumpitia mzee. "Nilitaka wacheke. Nisamehe."

Mackrine ndiye aliyetoka, akamrudishia simu. "Kawaambie hao waliokusikia," akasema. "Jumamosi nitakuja."

Jumamosi kibanda kilijaa, wengine wakachungulia madirishani. Elipidius alimpa dada wa mfalme sauti yake mwenyewe, kavu, na minong'ono ikaanza. Kikombe kilipoinuliwa mabenchi yakaitikia kwa pamoja: "Kunywa, usiulize!" Mackrine alikuwa amesimama mlangoni, begi miguuni.

"DJ! Adui kamuua?" sauti moja iliuliza kutoka kwenye mabenchi.

"Sijui," Elipidius alisema kwenye kipaza sauti.

Walidhani ni utani, wakacheka.

"Kiingereza chao sikielewi, huwa natunga. Na ile sauti nilimwibia mama mkwe wangu, mkaenda kumtukania, na mimi ndiye niliyewafundisha. Huyu mama simjui. Mtazameni wenyewe."

Akazima kipaza sauti. Alizomewa. Mmoja alimwita tapeli, mwingine akamrushia ganda la ndizi, likampata barabara. Lakini mwanamke wa benchi la mbele akasema mbona yule dada analia. Mwanamume wa nyuma akajibu kwamba hata wauaji hulia. Na kabla picha haijaisha kibanda kizima kilikuwa kinabishana, wengine wakimtetea, wengine wakimlaani, na hakuna aliyekuwa na hakika.

Elipidius alitoka na ganda begani. Mackrine akalitoa, akalitupa.

"Mama amesema siku nyingine usije na yule mzee," alisema. "Anatafsiri vibaya."

Kisha akampa begi alibebe.