Mtu wa Mwambani kwa Mama Davis

Loyce, au Mama Davis kwa wanaomwogopa, alichuma chai mpaka vidole vikakauka. Serikali ilipolegeza mambo na kila mtu akaruhusiwa kufungua chake, alitupa kikapu, akapaka chokaa nyumba yake pale Lushoto, akaiita gesti. Vyumba vitatu, mablanketi mazito, maji ya moto kwenye ndoo. Kilichokosekana ni wageni tu.

Wa kwanza alikuwa mama wa Kizungu, mchoraji. Wakati wa kuondoka alimwachia zawadi ya picha: mtu mmoja amekaa ukingoni mwa mwamba, kaupa ulimwengu mgongo, anatazama mabonde na ukungu.

"Ni utulivu," mama yule alisema. "Anatafakari."

Loyce akaitundika mkabala na mlango, wateja wajue hapa si mahali pa ovyo.

Jioni akaingia Sefania, kijana wa viazi kutoka Mlola. Hata kuketi hakuketi.

"Shikamoo Mama Davis. Huyu ana nini?"

"Marahaba. Anatafakari."

"Pale ukingoni? Anataka kujirusha huyo! Ndugu zake wako wapi?"

"Ametulia tu, mwanangu."

"Mtu mzima hakai porini peke yake hivi hivi. Kafiwa, au kafukuzwa na mkewe."

Akabeba mfuko wake, akaenda kulala kwa shemeji yake. Kesho yake habari ilikuwa imeenea sokoni, na Bertha, jirani wa Loyce, akaja na kilo ya sukari kutoa pole.

"Pole ya nani, Bertha? Ni rangi ile!"

"Hata kama," alisema Bertha, akaiweka sukari mezani.

Loyce akaona gesti inamfia mkononi. Akamwita Zabron, fundi wa mabango.

"Mchoree mwenzake, amshike shati."

Zabron alizoea mabango ya vinyozi na ya bucha. Mwenzake akatoka na nywele zilizokatwa bapa juu. Watu wakauliza mbona wawili hao hawasalimiani. Akaongeza wa tatu, wa nne, na mama mwenye birika, naye nywele bapa. Palipobaki wazi akaweka ng'ombe, kagawanywa kwa mistari: paja, mbavu, kidari.

"Na ng'ombe wa nini, Zabron?"

"Mama, watu wote hawa watakula nini?"

Siku hiyo hiyo akafika Shabani, muuza machungwa wa Muheza, meno yanagongana kwa baridi. Akasimama mbele ya picha.

"Ahaa, hapa pana watu bwana!" Shabani akatua mzigo. Kisha akakunja uso. "Lakini yule wa mwisho, pale ukingoni, mbona kawapa wenzake mgongo? Mmegombana naye?"

Loyce akamtazama mtu wake. Bado alikuwa anaangalia ukungu, hana habari kwamba hata ng'ombe amefika.

"Yule? Mgeni wetu wa kwanza. Kapapenda mno, tunamwambia aende kwao hataki."

Shabani akasogea, akachungulia alikokuwa anatazama mtu yule.

"Basi mama, nipe chumba chenye dirisha la upande huo."