Mama Alivyotuchagulia Kinondoni

Enzi zetu mtu hakuhama nyumba kwa kuona picha ya sebule kwenye simu. Haya nawaandikia ninyi wenzangu mliozaliwa Mwingereza angali anatawala, mnaojua kwamba kibatari na chemli ni vitu viwili, na ambao siku hizi mkitaka kuinuka kitini magoti ndiyo yanaanza kulalamika. Vijana wakipita hapa wasome, hawakatazwi, ila wasiniulize kwa nini hatukupiga simu kwanza.

Mjukuu wangu amehamisha familia yake juzi juzi. Alitafuta nyumba miezi mitatu bila kuinuka kwenye kochi. Aliuliza mtandao unashika vipi, gari litalala wapi, na kama jirani anafuga mbwa. Shule hakuiulizia, kwa sababu basi la njano litamfuata mtoto popote alipo. Mtoto anapandishwa alfajiri amelala, anashushwa jioni amelala, na ukimuuliza anakaa mtaa gani anakutajia namba ya basi. Nilipomwambia kwamba mama yangu alituchagulia mtaa kwa kubeba ndoo, alinitazama kwa huruma, kisha akamuuliza mkewe kama nimekunywa dawa zangu za presha.

Basi nieleze, maana presha yangu iko sawa.

Tulikuwa tunakaa Kariakoo, chumba kimoja cha mbele katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Uani kila mpangaji alikuwa na mafiga yake, na kwa harufu peke yake ulijua nani leo kapata samaki na nani anarudia mchicha. Tulicheza mdako mpaka vidole vikachubuka, na tukijipikilisha tulipika mchanga kwenye vifuu na kuupakua kwa adabu zote. Mtu mzima yeyote aliyepita aliamkiwa shikamoo, na usipomwamkia alikuwa na haki ya kukuchapa kwanza na kuuliza baadaye wewe ni mtoto wa nani. Kisha mwenye nyumba akamwoza mwanawe wa kiume, akakitaka chumba chetu. Alitupa muda mpaka Januari.

Januari ndiyo niliyotakiwa kuanza darasa la kwanza, na kwa mtoto wa kike halikuwa jambo dogo. Wapo waliomwambia baba kwamba chuo kinanitosha, nikihitimu Kurani nisubiri mume. Baba alikuwa karani wa bandarini, mtu mpole. Aliwaitikia wote na hakubadili nia. Lakini shule za siku zile zilichukua kwanza watoto wa mtaa wao, nafasi za wasichana zilikuwa chache, na ukikosa mwaka ule unabaki nyumbani kumsaidia mama, mwakani hakuna anayekumbuka kwamba ulitaka kusoma. Kwa hiyo kusoma kwangu kulitegemea wazazi wangu watakwenda kutandika kitanda wapi.

Baba alikwishachagua Temeke. Dada yake, shangazi yangu, alikuwa akiishi huko, nyumba ilikuwa imepatikana mlango wa pili kutoka kwake, na palikuwa na shule ambayo siitaji jina, kwa sababu wajukuu wa walimu wale wapo na wengine tunakutana misibani. Ilikuwa imeezekwa bati, ina kengele ya chuma na uwanja wa mpira. Baba aliitazama kutoka barabarani akiwa juu ya baiskeli, akarudi analisifia lile bati kana kwamba nitakwenda kusomea juu ya paa.

Mama hakubisha. Yeye hakuwahi kukanyaga darasani wala hakujua herufi hata moja, lakini alikuwa na imani yake kwamba ukitaka kuujua mtaa, nenda bombani kwao. Maji hayakuwa ndani ya nyumba siku zile. Mtaa mzima uliteka maji bomba moja, na kwenye foleni ile yalisemwa yote: nani mgonjwa, nani kaachwa, nani anampiga mkewe, mwalimu gani ana fimbo na yupi ana akili. Mama akavaa buibui lake, akachukua ndoo tupu, akanishika mkono, tukapanda basi mpaka Temeke kupanga foleni ya maji ambayo hatukuyahitaji.

Kuna jambo hakulifikiria. Mwanamke mgeni, kijana, buibui safi, anaingia kwenye foleni ya mtaa wa watu na ndoo mkononi, na hakuna anayemjua. Kwa kina mama wa pwani huyo ni mke mpya wa mtu, na kila aliyepo anaanza kujiuliza ni wa nani. Mazungumzo yakakatika. Mama mmoja mnene, muuza vitumbua, akamuuliza kwa utamu mwingi ameolewa nyumba ipi. Mama hakuwa amejiandaa. Akanyoosha kidole kwenye nyumba ya kwanza iliyomjia machoni, yenye mlango wa buluu.

Yule muuza vitumbua akaitua ndoo yake chini taratibu.

"Ile yangu mie," akasema. "Na mume wangu nimemwacha ndani anakunywa uji."

Sijaona tena foleni ya maji ikivunjika namna ile. Wengine walimzunguka mama, wengine walikwishashika njia kwenda kumtoa yule bwana kwenye uji wake. Mama aliapa kwa Mwenyezi Mungu, akaeleza habari za chumba, za Januari na za shule, nami nikalia kwa kuwa niliona hilo ndilo pekee ninaloweza kusaidia. Mwishowe muuza vitumbua alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo yake. Akanipa kitumbua cha moto, akatueleza kila kitu kuhusu mtaa ule, isipokuwa kile alichokiona ni cha kawaida.

Hicho tulikiona wenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi na kengele ya shule ilikwishalia zamani. Likaja kundi la wasichana wenye sare, kila mmoja na ndoo yake, na kati yao alikuwemo Asha, binti ya shangazi, aliyekuwa darasa la tatu. Alifurahi kutuona, akamwamkia mama. Mama akamuuliza kama leo hawasomi.

"Leo zamu yetu ya maji ya walimu," Asha akasema, tena kwa fahari.

"Na jana?"

"Jana tulikwenda kuni."

"Wavulana nao?"

"Wavulana wako darasani, mama. Wanasoma."

 Mama alimsaidia Asha kujitwika, maji tuliyokuwa tumeteka akampa muuza vitumbua, tukarudi mjini. Kwenye basi alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

Wiki iliyofuata tulikwenda Kinondoni. Kinondoni ya wakati ule msiifananishe na ya leo. Ilikuwa minazi na mikorosho, vijumba vya makuti hapa na pale, na ngedere waliokula mahindi kabla ya mwenye shamba. Bomba lilikuwa mbali, unapita vichaka na dimbwi moja baya. Shule yenyewe ilikuwa banda la udongo, mvua ikinyesha mwalimu anahama na ubao wake kufuata pakavu. Safari hii mama alianza kujieleza kabla hajatua ndoo, kwamba mume anaye na anamtosha. Kisha akaitazama foleni mbele na nyuma. Kulikuwa na kina mama, bibi wawili, na mjamzito aliyepishwa atangulie. Msichana hakuwepo hata mmoja.

Mama akauliza watoto wao wa kike wako wapi. Bibi mmoja akajibu kwa kunung'unika kwamba wako shule, na kwamba mwalimu wa pale ni mkorofi: akimkosa mtoto wa kike darasani anamfuata mpaka mlangoni, ukimkaribisha chai hanywi, anasimama tu mpaka umpe mtoto wake. Ndoo kawaachia wao wazee, akasema. Mama aliniambia miaka mingi baadaye kwamba pale pale moyo wake ulitulia.

Kumwambia baba ilikuwa kazi nyingine. Alikwishampa dada yake neno, na alidhani mama anamkimbia wifi yake. Mama alimweleza yote aliyoyaona, akamalizia hivi:

"Baba Zuhura, ukisema twende Temeke tutakwenda. Lakini mwanangu asiende kusomea ndoo. Ndoo naweza kumfundisha mwenyewe."

 Jumapili baba akatupeleka kwa shangazi. Baada ya ubwabwa alimwita Asha uani, akamwomba aandike jina lake mwenyewe mchangani. Asha akaokota kijiti, akaandika A kubwa, nzuri, iliyonyooka. Akaitazama kwa muda. Kisha akamuuliza mjomba wake kama anataka amletee maji ya kunywa.

Baba aliifuta ile A kwa mguu kabla shangazi hajatoka jikoni. Desemba tulihamia Kinondoni.

Shangazi alinuna mwaka mzima. Alisema mama kamnyang'anya kaka yake akampeleka kuishi na ngedere. Baba alimwomba Asha aje akae nasi asome, shangazi akakataa, akasema mwalimu wa kule anampenda sana mtoto wake. Asha aliolewa kabla mimi sijamaliza darasa la nne, na jambo hilo baba hakupenda lizungumzwe mbele yake.

Mimi nilipelekwa kuandikishwa. Kipimo mnakikumbuka: mkono upite juu ya kichwa uguse sikio la upande wa pili, usipogusa rudi nyumbani. Nilikuwa mdogo wa umbo, na wiki nzima niliuvuta ule mkono mpaka bega likavimba. Asubuhi ya siku yenyewe mama aliamua kuupunguzia mkono safari, akaninyoa kipara. Kucha ziligusa sikio kwa shida. Yule mwalimu mkorofi alikitazama kichwa changu kinavyong'aa, akamtazama mama, akaandika jina langu bila swali. Vijana wa leo wanalipia mafunzo ya kumwandaa mtoto kwa usaili wa chekechea. Mimi niliandaliwa kwa wembe na sabuni.

Nilisoma, nikawa mwalimu, na katika miaka yangu yote ya kufundisha sikumtuma mwanafunzi maji. Hilo najivunia. Lakini kuna ambalo halinipi raha. Pale Kinondoni wasichana tulikuwa darasani, kwa hiyo maji waliyateka mama zetu, na bomba, kama nilivyosema, lilikuwa mbali. Nilirudi saa saba na njaa yangu, nikachota mtungini kwa kata nikanywa, nikanawa miguu, nikayamwaga yaliyobaki kwenye kata, nikakimbilia kucheza rede. Mtungi ulikuwa umejaa kila siku. Sikuwahi kujiuliza umejazwa kwa safari ngapi, na mama hakuwahi kusema shingo inamuuma.

Leo mitaa ile ina maghorofa, bodaboda zinapita palipokuwa na dimbwi, na wasichana wanajaa madarasa bila mtu kushangaa. Kwa hilo, vijana, mmetupita, nakiri. Nyumbani kwa mjukuu wangu kuna bomba jikoni, bomba bafuni, na jingine nje la kuoshea gari, na bado nasikia analalamika kwamba maji yanatoka polepole. Mimi nikilifungua lile la jikoni husimama kidogo nikiyatazama. Mama hayupo miaka mingi sasa. Natamani nijaze ndoo moja tu, nijitwike, nimpelekee, nimwambie akae apumzike, maji ya leo nimeteka mimi.