Ushanga wa Atieno Ulivyonifanya Mganga

Jamani, hii habari nimeificha miaka na miaka, na hata leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu njiani nashusha kofia mpaka puani. Bora niwaambie mwenyewe kabla hamjafika Homa Bay mkaisikia, maana kule bado wanaisimulia, na wanaitia chumvi.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Nilikuwa fundi baiskeli, kijana, nina chumba changu cha mabati karibu na gati, na mchumba wangu alikuwa Atieno, msichana wa Uriri aliyeishi pale mjini kwa dada yake. Posa ilikuwa imeanza vizuri, kilichobaki ni shangazi yake aje kutoka Uriri aone nyumba na atoe neno (na neno la yule shangazi, hata baba yake Atieno hakuthubutu kulipinga).

Basi siku moja nikamwona Atieno amevaa ushanga mpya mwekundu shingoni, na kesho yake nikamwona mlangoni kwa Salim, mwenye duka la nguo, shanga na mafuta ya taa, anacheka. Si kutabasamu, kucheka kabisa, mpaka ameshika nguzo. Mimi hakuwahi kunichekea hivyo hata siku moja, na moyo ulinichoma, sitawaficha. Sikumwuliza kitu. Nilianza tu kuhesabu ameenda dukani mara ngapi, amekaa kiasi gani, ametoka na mafuta ya taa au ametoka mikono mitupu, na nikiwa nahesabu wateja wangu walikuwa wanaondoka na matairi hayana upepo.

Nikaamua nitamtengenezea mkufu ambao Salim hana dukani wala hawezi kuuagiza Mombasa. Pale gatini watu wa meli walizoea kutupa chupa majini, na zikivunjika ziwa linavisaga vile vipande mpaka vinakuwa laini kama pipi iliyonyonywa. Siku nne mfululizo niliamka alfajiri nikainama ufukweni peke yangu, nikaokota vya kijani, vya kahawia, na kimoja cha buluu (cha chupa ya dawa ya tumbo, lakini nani angejua?). Kutoboa nilijaribu kwa msumari, nikavunja vitatu, nikaacha. Nikafumua waya wa breki, nikatoa uzi mmoja mmoja, nikafunga kila kipande kama mtu anavyofunga mzigo kwenye karia, juu nikaacha kitanzi kidogo. Vilipendeza, wallahi, hata mimi nilishangaa.

Zikabaki shanga za kupanga katikati, na mwenye shanga mjini ni nani? Salim. Nikasema heri nife kuliko kuingia kwake. Na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu mtu mwingine aliyeuza shanga alikuwa mama mmoja sokoni, Min Okelo, na shanga zake zilikuwa nyeupe na buluu tu, na wateja wake walikuwa waganga.

"Ni ya nani?" akaniuliza.

Ningesema tu ni ya mchumba. Lakini pembeni walikuwa wamekaa wanawake watatu wanaojua kila kitu cha Salim na cha Atieno (niliona wanavyonitazama, au nilidhani), nikaona aibu, nikajibu, "Ni yangu."

"Yako wewe mwenyewe?"

"Yangu mwenyewe, mama."

Akanipimia shanga, akanipa kwa mikono miwili, na hakuniangalia usoni. Sasa, kwetu kila mtu anajua, na mimi pia nilijua, kwamba mwanamume akijinunulia shanga nyeupe na buluu ni kwa sababu mizimu ya ziwa imemwita awe ajuoga, yaani mganga. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa Salim, hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Nikaenda nyumbani, nikafunga mlango mchana kweupe nisionekane natunga shanga, nikafanya hivyo siku tatu, na mji ukaunganisha mambo: alfajiri yuko ziwani, mchana amejifungia, kazi ameacha.

Jumamosi, siku ya shangazi kuja, nilifungua mlango nikakuta watu watano wamekaa kwenye kivuli cha nyumba. Nikafurahi, wateja wamerudi! Nikamwendea mzee wa kwanza nimeshika pampu.

"Imetoboka wapi, mzee?"

"Ni hii goti," akasema, akapandisha suruali.

Mama wa pili alikuwa na kuku chini ya kwapa. Akapiga magoti, akasema nimwangalizie kwa nini mtoto wake analia usiku, na kuku nichukue tu. Nikamwambia, "Mama, mimi natengeneza baiskeli," na yule mzee wa goti akamtuliza, "Wote wanakataa hivyo mwanzo."

Na ndipo shangazi akatokea na Atieno na dada yake, shangazi amevaa kitambaa cheupe cha kanisa, Biblia mkononi. Akatazama watu, akatazama kuku, akatazama mkufu uliokuwa unaning'inia mkononi mwangu (nilikuwa nimeutoa niutie mfukoni, nikasahau).

"Yawa! Owino! Hii hatukuambiwa wakati wa posa. Mtoto wetu ataolewa kwa ajuoga?"

"Hapana, shangazi, huu ni wa Atieno!"

"Basi kwa nini Min Okelo ametuambia ni yako?"

Mbele ya watu wale wote ikabidi niseme. Niliwaambia habari ya ushanga mwekundu, ya mlango wa Salim, ya kucheka na nguzo, mpaka na hesabu yangu ya mafuta ya taa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia napungua. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Atieno akasogea mbele ya shangazi yake.

"Ule ushanga nilinunua mimi, na pesa yangu ya kuuza karanga. Nilitaka wewe uniangalie, Owino. Mwezi mzima hukusema hata kwamba nimependeza. Kumbe ulikuwa unaangalia Salim."

Akageuka, na shangazi akamfuata bila hata kuingia kuona nyumba, na ndilo lilikuwa neno lake.

Atieno alirudi Uriri. Mwaka uliofuata aliolewa, na si na Salim. Aliolewa na mwalimu mmoja mfupi, mpole, mwenye miwani, aliyekuwa akiniletea baiskeli kila Ijumaa, nami namjazia upepo, namtilia mnyororo mafuta, namtakia safari njema, na sikuwahi hata mara moja kumwonea wivu. Kumbe alikuwa anaenda Uriri.

Kwa hiyo niliapa sitachunga tena mlango wa duka la mtu. Ila mpaka leo mteja akija Ijumaa amechana nywele, kwanza namwuliza anakwenda wapi, ndipo nashika pampu.