Chumvi niliyomunyima mama

Leo munganga aliniuliza mbele ya mama: "Ni nani alimukatalia huyu mama chumvi?"

Ni minye, mutoto wake.

Mama iko na tansio, damu inamupandaka. Wanganga walituambia tupunguze chumvi, minye nikaitosha yote, sikutia hata kidogo. Mwezi muzima alikula bukari na sombe bila chumvi, na hakulalamika.

Juma hii akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nikasema ni uzee tu.

Leo walimupima damu hapa hospitali ya Kikula. Chumvi ya mwili imeshuka sana, ndiyo inamuvuruga akili.

Mama akamwambia munganga: "Usimugombeze. Anapikaka muzuri."

Halafu akanigeukia: "Mama yako iko wapi?"

Wamemulaza na serumu ya maji ya chumvi mu mushipa. Mwenye anachunga muzazi nyumbani aniambie kitu, hata kama ni kunigombeza.